Ujira Usilale Kwako: Wito wa Utakatifu kwa Sisi Walei

(Haya niliyasema mbele ya walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, siku ya mafungo, siku ya kusali na kutafakari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, watawa wetu, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kunialika. Mliponipigia simu niliuliza kama hamkukosea namba, maana somo la utakatifu tumezoea kulisikia kwa padre. Mimi ni mhasibu. Siku yangu inakwisha kwenye risiti, madaftari na watu wanaodaiana. Basi nitasema kama mhasibu, na nitaanza na deni langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita fundi alikuja nyumbani kunitengenezea mlango. Alifanya kazi siku mbili, akamaliza Ijumaa jioni. Akafagia hata vumbi la mbao, akafunga zana zake kwenye mfuko, akasimama kizingitini kunisubiri. Mimi nilikuwa chumbani nabadilisha shati, nawahi kikao cha kamati ya kanisa. Nikapita mbio nikamwambia, "Fundi, njoo kesho." Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mzee," akatupia mfuko begani, akaondoka. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, akaniuliza: "Baba, kwani fundi hajamaliza?" Nikamwambia amemaliza. "Sasa mbona hujamlipa?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa.

Fedha ya kumlipa nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye bahasha, mfukoni mwa shati lile lile. Lakini bahasha nilikuwa nimeipangia kazi nyingine: kikaoni kulikuwa na mchango, na majina yangesomwa. La kwangu likasomwa, watu wakapiga makofi. Fundi alirudi kesho yake asinikute. Nilikuwa kwenye mafungo, kama haya ya leo. Alilipwa Jumatatu.

Mnacheka, na mimi sasa nacheka. Sikucheka siku nilipofungua Kitabu cha Walawi, sura ya 19. Sura ile inaanza na neno zito kuliko yote: "Mtakuwa watakatifu, kwa kuwa mimi Bwana, Mungu wenu, ni mtakatifu." Ukisoma hapo unategemea kinachofuata kiwe uvumba, mavazi ya ibada na kukesha. Kinachofuata mara moja ni kwamba kila mtu amche mama yake na baba yake, na mama ametajwa kwanza. Sabato ipo, sadaka ipo, siwezi kusema haipo. Lakini shuka chini uone: ukivuna shamba usimalize mpaka pembeni, mwachie maskini. Usipite huku na huko ukichongea watu. Usimlaani kiziwi, ambaye hata hatasikia kwamba umemlaani. Usimwekee kipofu kikwazo. Mwinukie mwenye mvi. Mizani yako iwe ya haki. Na katikati ya hayo, aya ya 13, ujira wa mwajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi.

Kwangu ulikaa usiku tatu.

Ndugu zangu, mimi si mwanateolojia, lakini nimeisoma sura ile mara nyingi tangu siku hiyo, na ninachokiona ni hiki: Mungu anapowaambia watu wawe watakatifu, anaingia moja kwa moja kwenye mifuko yao, midomo yao na mizani zao. Ni mambo ambayo mtu anayafanya akiwa amesimama, ana haraka, ana njaa. Mengi kati yake hayana shahidi. Kiziwi hasikii, kipofu haoni, na mnunuzi hajui kama jiwe la mizani limekwanguliwa.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Kiswahili kimetupa zawadi hapa, na sijui kwa nini hatuitumii. "Mtakatifu" anatokana na kutakata, kitenzi kile kile tunachokitumia kwa nguo iliyofuliwa ikawa safi. Nguo haijifui. Inalowekwa, inasuguliwa, inakamuliwa, inaanikwa juani. Mtume Paulo anapowaandikia Wathesalonike, sura ya 4, anasema mapenzi ya Mungu ni "kutakaswa" kwao. Angalieni kitenzi: kutakaswa, yaani anayefua ni mwingine. Kazi hiyo ilianza siku ya Ubatizo wetu, wengi wetu tukiwa tunalia, na inaendelea. Kwa hiyo anayesema "mimi utakatifu siuwezi" amesema kweli tupu. Hata Mtakatifu Petro hakuuweza. Swali ni kama unakubali kusuguliwa, na wapi.

Paulo yule yule, aya 8 baadaye, anawaambia wale wale Wathesalonike watulie, wafanye shughuli zao wenyewe, wafanye kazi kwa mikono yao. Kwa hiyo beseni ni hilo: shughuli zako, mikono yako.

Ilikuwaje basi tukafika mahali mlei akisikia neno "mtakatifu" anatazama picha ukutani, au anamtazama padre? Historia ni ndefu, nitaikata. Kwa karne nyingi mtu aliyetaka ukamilifu alionyeshwa njia ya jangwani au ya monasteri, na njia hiyo imetupa watu wakubwa. Ila waliobaki sokoni wakaanza kujiona ni daraja la pili, watu wa kuokoka kwa shida. Walikuwepo waliopinga. Mwaka 1609 Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, alichapa kitabu kwa ajili ya watu wanaoishi mijini, kwenye ndoa na kwenye kazi. Anauliza humo kwa utani wenye meno: ingekuwaje askofu akitaka kuishi peke yake kama mmonaki, au mwenye familia asitake kuweka akiba kama Mkapuchini, mtawa aliyeapa ufukara, au fundi ashinde kanisani kutwa kama mtawa? Ibada hiyo, anasema, ingekuwa kichekesho na vurugu. Ibada ya kweli haiharibu wajibu wa mtu. Ikiuharibu, si ya kweli. Mimi na bahasha yangu tulikuwa tumeshajibiwa tangu mwaka 1609.

Halafu ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima. Tarehe 21 Novemba 1964 Papa Paulo VI aliitangaza hati juu ya Kanisa, Lumen Gentium, yaani Mwanga wa Mataifa. Sura yake nzima ya tano inahusu wito wa watu wote kuwa watakatifu. Inasema waamini wote, wa hali yoyote na cheo chochote, wameitwa kwenye utimilifu wa maisha ya Kikristo na ukamilifu wa mapendo. Wote. Halafu inawataja: wenye ndoa, wajane, wasio na ndoa, wafanyakazi wa kazi ngumu, wagonjwa. Hakuna anayebaki nje akishika mlango.

Na hapa kuna jambo ambalo huwa halisemwi sana. Mwezi mmoja na siku chache kabla ya hati hiyo, tarehe 18 Oktoba 1964, maaskofu wakiwa bado Roma kwenye Mtaguso, Papa yule yule aliwatangaza watakatifu Wafiadini 22 wa Uganda. Wote 22 walikuwa walei. Mtakatifu Yosefu Mukasa alikuwa msimamizi wa vijana wa ikulu ya mfalme wa Buganda, na Mukasa alipouawa, Karoli Lwanga akashika nafasi yake. Andrea Kaggwa alikuwa kiongozi wa wapiga muziki wa mfalme. Walikuwa watu wenye ajira, wenye bosi, wenye zamu. Kabla maaskofu hawajapiga kura ya mwisho juu ya maandishi, Waafrika walei walikuwa wameshawekwa mbele yao, wametoka kazini.

Sasa nije kwenye ugonjwa wetu. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake kwa walei wa mwaka 1988, alitaja vishawishi viwili vinavyotunyemelea. Kimoja ni kutenganisha imani na maisha: Jumapili mtu huyu, Jumatatu mtu mwingine. Hicho tunakijua, tumehubiriwa sana. Cha pili ndicho kinachotupata sisi tunaopenda kuja mafungo: kuzama kwenye huduma na shughuli za kanisani mpaka tunasahau wajibu wetu kazini, kwenye jamii, kwenye uchumi na siasa. Yaani mtu ana vikao vitano vya kanisa kwa wiki, ana sare tatu za vyama vya kitume, na ofisini kwake faili la mjane limelala miezi minne chini ya kikombe chake cha chai.

Sisemi muache vyama vya kitume. Baba Paroko, usinitazame hivyo. Kwaya iimbe, wasoma masomo wasome, kanisa lipambwe. Ninachosema ni kwamba tukitaka kujua kama mlei anasonga mbele kwenye utakatifu, tusianze kuhesabu vikao vyake. Tumuulize mtu aliye chini yake kazini. Tumuulize anayempikia.

Nitawapa mifano, kwa sababu maneno matupu mmeshayasikia mengi.

Wa kwanza ni mume na mke, Louis na Zélie Martin wa Ufaransa. Wengi mnawajua kwa sababu ya binti yao mdogo, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Walifunga ndoa mwaka 1858. Louis alikuwa fundi saa. Zélie alikuwa na biashara ya kitambaa cha nakshi, na ilikwenda vizuri kiasi kwamba baadaye mume akaacha saa zake akamsaidia mke. Akina baba, hiyo ni karne ya 19. Duka la saa Louis alilifunga Jumapili, ingawa wateja walikuwa tayari. Siku za kazi walikwenda Misa ya alfajiri, wakarudi kazini. Walizaa watoto 9, wakazika 4. Zélie alikufa kwa saratani ya matiti mwaka 1877, Teresia akiwa na miaka 4. Uzeeni Louis alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka mitatu. Familia ya watakatifu haikuachwa hata na aibu hiyo, maana zamani ilionekana ni aibu, na hata leo watu wanaficha.

Lakini mimi ninampenda Zélie kwa barua zake. Zimebaki zaidi ya 200, na hazifanani na picha za watakatifu waliokunja mikono wakitazama juu. Analalamika kuchoka. Anahangaika na binti yake Léonie, mtoto mgumu aliyerudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni, asijue amfanye nini. Nyumba ya watakatifu, na ndani yake mtoto aliyeshindikana! Wazazi mnaolia usiku kwa sababu ya mtoto mmoja, mkumbukeni Zélie. Mwaka 1873 aliwaandikia binti zake wakubwa kwamba anataka kuwa mtakatifu, ila haitakuwa rahisi: kuna mengi ya kuchonga, na gogo ni gumu kama jiwe. Alikuwa amebakiza chini ya miaka minne ya kuishi. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu kwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, mume na mke wa kwanza kutangazwa wakiwa wawili. Ndiyo, 18 Oktoba tena.

Wa pili ni kijana, na jina lake ni la lugha yetu: Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma, Kongo, mwaka 1981. Aliajiriwa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazovuka mpaka. Kazi ya fomu na magunia. Nje ya kazi alikuwa mwanajumuiya wa Mtakatifu Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, akishughulika na watoto wa mitaani. Siku moja ukaja mchele ulioharibika. Akakataa usipite. Wakaja watu na fedha. Akakataa. Wakaongeza. Akakataa tena. Mwaka 2007 walimteka, wakamtesa, wakamuua, akiwa bado kijana. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya kutangazwa mtakatifu, huko Roma, kwenye Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Kaeni hapo kidogo. Hakuuawa akiwa ameshika msalaba mbele ya umati. Aliuawa kwa sababu ya mchele. Wale ambao wangeula hawakumjua, na wasingejua kamwe kwamba kuna karani aliyewaokoa matumbo yao. Mimi niko kwenye kazi ya makaratasi miaka mingi, na nawaambia: majaribu ya ofisini hayaji na pembe. Yanakuja na sauti ya upole, "mzee, wewe pitisha tu, kila mtu anapitisha." Ukitazama dirishani unawaza ada za watoto. Hapo ndipo Mwenyeheri Floribert alipokuwa amekaa. Kwenye kiti kama changu.

Najua mtasema: lakini sisi wengi hatutauawa. Kweli. Wengi wetu tutaombwa vidogo zaidi, na vidogo vinatushinda kwa sababu havina heshima. Papa Fransisko, kwenye waraka wake juu ya utakatifu wa mwaka 2018, anamchora mama mmoja anayetoka kununua mahitaji. Anakutana na jirani, mazungumzo yanaanza kuelekea kwenye kusengenya, naye moyoni anasema hapana, sitamsema mtu vibaya. Anarudi nyumbani amechoka, mtoto anataka kumsimulia mambo yake, anakaa anamsikiliza kwa upendo. Hizo ni hatua za utakatifu, anasema Papa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni rahisi mno. Kisha nikajaribu kukaa siku mbili bila kumsema mtu. Jaribuni.

Na simu. Nisiondoke bila kuitaja. Tunaamka alfajiri tunasambaza sala kwenye makundi, zenye maua na mishumaa. Saa nne asubuhi, kidole kile kile, tunasambaza habari ya aibu ya mtu ambayo hatukuithibitisha. Walawi wangekuwa na simu, aya ya 16, ile ya kutochongea watu, ingetosha.

Hapa nataka kuweka tahadhari, kwa uzito. Mtu asichukue maneno haya akamwambie mama anayepigwa nyumbani kwamba avumilie, ndio utakatifu wake. Uvumilivu ni fadhila. Kumfunika mpigaji ni jambo lingine. Huyo mama atafute usalama, na sisi jirani zake tumsaidie kuupata, na huko kumsaidia kuhesabiwe kuwa utakatifu wetu. Vivyo hivyo mfanyakazi asiyelipwa: asiambiwe ajitoe sadaka. Alipwe.

Basi tunaishije? Nitasema machache ninayoyafanya, kwa kuchechemea. Lumen Gentium, namba 34, inasema kazi za mlei, sala zake, maisha ya ndoa na familia, hata mapumziko ya mwili na akili, yakifanywa katika Roho, yanakuwa sadaka ya kiroho inayotolewa pamoja na Mwili wa Bwana katika Ekaristi. Mmesikia? Hata mapumziko. Kwa hiyo wakati wa kuandaa vipaji, mkate na divai vinapopelekwa altareni, mimi huweka pale kitu kimoja cha wiki hiyo, kwa jina lake: hesabu zilizokataa kulingana, mteja aliyenitukana, usingizi mzuri wa Jumamosi. Kitu kimoja tu, lakini cha kweli. Misa imekuwa ndefu kidogo kwangu na fupi zaidi, sijui kama mnanielewa.

Usiku nafunga hesabu za siku, dakika tano. Na hapa kuna somo la kazini. Mhasibu haamini daftari lake peke yake. Analilinganisha na taarifa ya benki. Daftari langu linaonyesha mimi ni mtu mpole. Taarifa ya mke wangu inaonyesha vingine. Kwa hiyo mara moja moja namuuliza, "Wiki hii nilikuwaje?" Ananijibu, na hapunguzi. Hayo ninayoyasikia ndiyo ninayoyapeleka kwenye Kitubio, kwa sababu ya kwangu mwenyewe nilikuwa nayapanga vizuri mno, padre karibu anipongeze.

Mnasubiri mwisho wa habari ya fundi. Nilimlipa Jumatatu ile, nikamwongezea kidogo ili dhamiri ilale. Akapokea, akahesabu, akanirudishia nyongeza. Akasema, "Mzee, mimi nilikuwa naitaka Ijumaa." Hakusema kwa hasira. Sikumuuliza Ijumaa kulikuwa na nini nyumbani kwake. Mpaka leo sijui, na nimeona aibu kumuuliza miaka yote hii.

Misa inaanza baada ya dakika ishirini. Bwana wetu alisema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye. Nimemwomba Baba Paroko, naye amekubali, dakika hizi ishirini zisiwe na wimbo wala tangazo. Mwenye mtu wa kumpigia, uwanja ni mkubwa, mtandao upo. Namba ya fundi bado ninayo, nami naenda kusimama pale chini ya mti.